Uzi Uliotoka Kifuani

Jumanne moja, saa tatu kasorobo asubuhi, Bi Vituo alikuwa uani akianika shuka la pili. La kwanza lilikuwa limeshatulia kwenye kamba, la tatu lilikuwa bado kwenye beseni. Alikuwa na vibanio viwili mkononi na kimoja mdomoni. Kikohozi kikamjia. Akatema kibanio, akashika magoti, akakohoa kama alivyokohoa kila asubuhi kwa miaka kumi na minane. Kilipotulia, alihisi kitu chembamba juu ya ulimi. Akakishika kwa ncha za vidole viwili, akavuta. Ulikuwa uzi.

Aliuvuta polepole, kama mtu anayefumua pindo la nguo asiyotaka kuiharibu. Ulikuja mweupe, umesokotwa sawasawa, hauna fundo. Ulipofikia urefu wa kamba ya kuanikia, ukaisha. Akauzungushia kwenye kibanio, akaanika shuka la tatu, akamwaga maji ya beseni, akaanza kurudi ndani. Kutoka kwenye kamba hadi mlango wa jikoni ni hatua kumi na nane, na kwa kawaida alisimama mara mbili kupumzika. Siku hiyo alisimama mara moja.

Jina la Bi Vituo alipewa na majirani. Hakuwa na uwezo wa kumaliza mtaa mmoja bila kusimama. Alisimama kwenye nguzo ya umeme, akasimama kwenye duka la vipuri vya baiskeli, akasimama kwenye kona ya zahanati, mkono kiunoni, pumzi imempaa. Watu wakasema mama huyu hapiti kituo, kama gari linalotafuta abiria. Hakukasirika. Alisema afadhali yeye, kwa kuwa gari lake halijawahi kuishiwa mafuta kabisa.

Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha nyuzi, chumba namba tatu. Humo ndimo marobota ya pamba hufunguliwa, pamba ikachambuliwa na kunyooshwa kabla ya kwenda kusokotwa. Vumbi lake ni jepesi, halianguki chini, hubaki hewani kama lina shughuli zake. Chumba kilikuwa na madirisha manane, yote yamepigiliwa misumari, kwa sababu upepo ukiingia unapeperusha pamba. Saa ya chai wanawake walitoka nyusi na kope zimekuwa nyeupe, wakapangusana kwa viganja na kutaniana kwamba wamezeeka tangu asubuhi.

Alipostaafu, kiwanda kilimpa cheti na blanketi, na juu ya hayo kikampa binti yake nafasi yake. Ilikuwa mashine ileile na kabati lilelile la nguo. Bi Vituo alimshukuru meneja kwa mikono miwili, na alimaanisha. Binti alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili, vyeti vyake vimelala kwenye bahasha. Sasa alikuwa na mwaka na nusu kazini.

Mtu wa tatu nyumbani pale alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mume wake, mwalimu mstaafu wa chekechea. Alikuja baada ya mazishi kumliwaza kwa wiki mbili, na huu ulikuwa mwaka wa tisa. Bi Vituo alipenda kumkumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wifi alijibu kwamba jembe alipewa, ila katika nyumba isiyo na shamba imebidi aligeuze chaki. Na kweli alichora. Alichora kwa pasteli, zile chaki laini za rangi ambazo ukizisugua kwa kidole zinatulia juu ya karatasi kama poda usoni.

Wifi alikuwa jikoni akikata vitunguu.

"Wifi, nimekohoa uzi."

Wifi akafuta mikono, akauchukua, akaunyoosha kwenye mwanga wa dirisha. "Umesokotwa vizuri," akasema. "Umebaki mwingine?"

"Nahisi umebaki."

"Basi usitupe. Nina sketi mbili zinasubiri pindo."

Tabibu wa zahanati alimsikiliza kifua mbele na nyuma. Akaandika kwenye kadi: kikohozi chenye nyuzi, hakuna damu. Akauliza anauvuta mara ngapi kwa siku. Bi Vituo akasema mara mbili, asubuhi na jioni. Tabibu akasema aendelee hivyohivyo, anywe maji ya uvuguvugu, na asiukate kwa meno.

Kwa wiki mbili ulikuja mweupe. Wiki ya tatu ukaanza kuja na rangi. Pamba ya chumba namba tatu ilikuwa nyeupe siku zote, kwa hiyo rangi hizo hazikutoka kiwandani. Bi Vituo alizijua mara tu alipoziona. Manjano ile iliyoiva ilikuwa ya mwaka aliokuwa na mimba ya binti yake, alipofanya kazi hadi mwezi wa nane kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumshikia zamu. Kahawia iliyofifia ilikuwa ya miezi ya ugonjwa wa mumewe. Kulikuwa na bluu nyingi, bluu ya kila namna, na hiyo hakuiambatanisha na mwaka wowote. Alisema ni rangi ya kile alichokuwa akikitazama kupitia vioo vya madirisha.

Kila uzi ulipotoka, kifua kilipata nafasi. Alianza kulala chali, jambo ambalo hakulifanya tangu binti yake alipoanza shule. Asubuhi moja aliimba akifagia, akafika ubeti wa pili kabla hajagundua kwamba anaimba. Akaegemea ufagio, akamshukuru Mungu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemshukuru jirani aliyerudisha sufuria.

Nyuzi zikajaa kwenye vibanio, kwenye magunzi ya mahindi, kwenye makopo. Sketi zote za nyumbani zilikuwa zimeshapata pindo. Ndipo wifi akasema inabidi zifumwe. Bi Vituo akasema hajui. Alikuwa ametengeneza uzi miaka ishirini na sita na hakuwahi kuuona ukigeuka kitambaa, kwa sababu uzi uliondoka kiwandani ndani ya maboksi. Seremala wa mtaani akawapigia fremu ya mbao yenye misumari juu na chini. Wifi akafundisha kama alivyowafundisha watoto wa miaka mitano kwa vipande vya karatasi.

"Huu unaosimama ni mtande. Huu unaopita ni mshindio. Juu, chini, juu, chini. Ukikosea unarudi, hakuna wa kukuchapa."

Wakanunua uzi wa dukani kwa ajili ya mtande. Mshindio ukawa wa kifuani.

Naye wifi, kila Bi Vituo alipofuma, alichora. Aliweka ubao wake uani, akakaa upepo ukimpiga mgongoni, ili vumbi la chaki lielekee kwenye ukuta wa jirani. Jua likihama naye alihama. Siku ya mvua hakuchora kabisa. Bi Vituo alimwambia aingie ndani, haina neno.

"Ina neno," wifi akasema. "Kifua hiki nimekingoja miezi mitatu kijisafishe. Siwezi mimi tena nikakirudishia chaki."

Alichora wanawake wa chumba namba tatu. Kulikuwa na picha moja waliyopigwa langoni mwa kiwanda, kumi na wanne kwa safu mbili, ndogo kiasi kwamba nyuso zilikuwa kama mbegu. Kwa hiyo wifi alichora kwa kuambiwa. Bi Vituo alifuma na kueleza: huyu alikuwa na pengo, huyu jicho la kushoto lilikuwa linatangulia kucheka, huyu kilemba chake hakikuwahi kukaa sawa. Walipofika kwa Kicheko, aliyekuwa kwenye mashine ya jirani na aliyefariki miaka tisa iliyopita, Bi Vituo aliacha kufuma.

"Mdomoni mtie bluu kidogo."

"Alikuwa anapaka rangi?"

"Hapana. Alikuwa hapati hewa."

Wifi akatia bluu. Akauliza na wengine. Bi Vituo akafikiri, akasema tisa kati yao watie bluu. Ni wale tisa waliokuwa wameshakufa. Watano waliobaki, pamoja na yeye mwenyewe, aliona watiwe kijivu.

Mkutubi wa maktaba ya mji alikuwa akipita mtaa huo kwenda kazini. Aliona vitambaa vikipunga upepo kwenye kamba na picha zimeegemezwa ukutani, akabisha hodi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Akasema ukumbi wa juu wa maktaba umekaa bure tangu mwaka jana, na mji una wasanii ila hawajui kama wana ukumbi. Aliandika tangazo kwa mkono wake mwenyewe: Maonyesho ya Nyuzi na Pasteli, wasanii wa hapahapa, kiingilio bure, siku nane. Chini ya kila kitambaa alibandika kadi ndogo. Hakutia chumvi. Aliandika: pamba ya kifuani juu ya mtande wa dukani. Seremala akazitia picha vioo, kwa sababu pasteli ikiguswa tu inaondoka na mkono wa mtu.

Ngazi za kwenda ukumbi wa juu zilikuwa ishirini na mbili. Bi Vituo alizipanda siku ya ufunguzi amevaa gauni la zambarau, wifi akiwa nyuma yake na mikono tayari, kama anayemsindikiza mtoto anayejifunza kutembea. Alifika juu akageuka.

"Wifi, mbona unahema?"

"Nahema kwa niaba yako," wifi akasema. "Mazoea."

Mgeni wa heshima alikuwa meneja wa kiwanda, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimeazimisha viti arobaini. Watu walijaa wakabaki wengine kwenye ngazi. Walikuja majirani waliompa jina, wakamwangalia akizunguka ukumbi mzima bila kusimama, wakapeana viwiko, na mmoja akasema sasa itabidi tumwite Bi Moja kwa Moja. Ila jina lilikuwa limeshazoeleka, wakaliacha.

Meneja alisimama mbele ya kitambaa kikubwa kuliko vyote. Kilionyesha chumba namba tatu: mashine kumi na nne, wanawake kumi na wanne, madirisha manane. Madirisha Bi Vituo aliyafuma kwa ile bluu, kwa hiyo yalionekana yako wazi. Meneja akaushika ukingo, akausugua uzi kati ya vidole kwa namna anayosugua kila siku.

"Hii ni pamba ya uzi wa unene namba ishirini," akasema. "Ni ya kwetu."

"Ni ya kwenu," Bi Vituo akajibu. "Niliondoka nayo bila kujua."

Meneja akamwangalia kwa upole. "Haina shida, mama. Naona ilikuwa inatoka kidogo kidogo. Kiwanda hakina kinyongo."

Kisha akasema kitambaa kile kingependeza sana mapokezi, kiwape moyo wafanyakazi. Akauliza bei. Bi Vituo akasema hauzi, atakitoa bure, ila anataka madirisha ya chumba namba tatu yafunguliwe. Binti yake alikuwa amesimama karibu. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, amenawa uso, lakini kwenye nyusi zilikuwa zimebaki nyuzinyuzi nyeupe mbili tatu.

Meneja akaeleza habari ya upepo na pamba. Akaongeza kwamba feni za kunyonya vumbi zimeagizwa.

"Ziliagizwa nikiwa na mimba ya huyu," Bi Vituo akasema.

Meneja akamtazama binti, kana kwamba anapima umri wa oda. "Ni kweli," akasema. "Taratibu za ununuzi ni ndefu." Akawaza kidogo. Watu walikuwa wanasikiliza. "Sawa, mama. Tutayafungua."

Watu wakapiga makofi. Bi Vituo alimshika mkono meneja, akahisi machozi yanamlenga, na hakuona haya.

Siku ya tatu ya maonyesho, mkutubi alipofungua ukumbi saa mbili asubuhi, alikuta uzi umechungulia chini ya fremu ya Kicheko. Ulikuwa urefu wa kidole. Hakuugusa. Alimtuma mtu amwite Bi Vituo, akaendelea kupanga magazeti.

Bi Vituo alikuja na wifi. Aliinama, akaangalia uzi, akaangalia uso wa shoga yake nyuma ya kioo.

"Hakuumaliza," akasema.

"Angeumaliza vipi?" wifi akasema. "Hakupewa muda."

Hawakuuvuta. Bi Vituo alisema Kicheko ana mwanawe, na si adabu. Mwanawe alikuwa mwokaji mikate upande wa pili wa soko. Alikuja saa nne, baada ya mikate ya asubuhi kutoka, unga mikononi hadi kwenye viwiko. Mkutubi akamwonyesha mahali pa kunawa. Kisha Bi Vituo akamweleza namna ya kuvuta: usiharakishe, ukihisi umekwama ngoja, atapumua mwenyewe. Mwokaji akapiga goti mbele ya picha ya mama yake na kuanza. Bi Vituo alishika gunzi na kuzungusha. Ulikuja uzi mwekundu, kisha wa rangi ya chungwa, kisha mwekundu tena.

"Miezi ile ya mwisho alikuwa akilala amekaa," mwokaji alisema bila kugeuka. "Nilikuwa namwekea mito mitatu. Mimi nililala naye chumba kimoja, nikawa naisikiliza pumzi yake kama mtu anayesikiliza paa likivuja. Iliposimama nililala usingizi mzito. Hilo sijamwambia mtu."

Bi Vituo aliendelea kuzungusha gunzi. "Na yeye alilala," akasema.

Uzi uliisha saa sita kasoro. Mwokaji alisimama, magoti yakalia. Waliiangalia picha pamoja. Ile bluu ya mdomoni ilikuwa imeondoka, na mahali pake palikuwa na rangi ya kawaida ya mdomo. Mkutubi akamuuliza wifi kama amerekebisha. Wifi akasema kioo hakijafunguliwa, na hata angetaka, rangi hiyo ilimwishia tangu mwezi uliopita. Mkutubi akaandika kwenye daftari lake: picha namba sita, rangi imebadilika, hali nzuri.

Mwokaji akaomba kuchukua lile gunzi. Alirudi jioni na mikate kumi na miwili, ikaliwa kwenye ngazi za maktaba.

Tangu siku hiyo kila asubuhi uzi ulichungulia kwenye fremu nyingine, moja au mbili. Mkutubi alizoea. Alikuja kazini na orodha ya jamaa wa marehemu, akawapigia simu kwa sauti ya mtu anayewaarifu kwamba kitabu walichoomba kimefika. Walikuja waume, dada, wajukuu. Mzee mmoja mwenye fimbo alivuta uzi wa mkewe kwa siku mbili mfululizo, kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa na baridi yabisi na hakutaka kusaidiwa. Wale wanne waliobaki hai nao walikuja, kila mmoja akisimama kwenye ngazi mara nyingi alivyohitaji. Bi Vituo aliwakalisha kwenye viti vya kiwanda, akawapa maji ya uvuguvugu, akawagonga mgongo taratibu katikati ya mabega. Wa kwanza alikohoa uzi wa kijani. Aliutazama, akasema, "Kumbe ndio wewe," akacheka mpaka akapaliwa, ukatoka na mwingine.

Daftari la wageni lilijaa siku ya saba, mkutubi akaongeza kurasa kwa pini. Karibu wote waliandika neno moja, asante, wengine wakaweka na tarehe ambayo mtu wao alifariki. Mtoto mmoja aliandika kwamba picha ni nzuri ila vyoo viko mbali.

Jioni ya mwisho, picha zilipokuwa zikishushwa, Bi Vituo alizipanga zote kumi na nne sakafuni. Hakukuwa na mdomo wa bluu hata mmoja. Alikaa chini kati yao, miguu ameinyoosha, gauni la zambarau limejaa vumbi la ukumbi. Kwa muda mrefu alikuwa ameamini kwamba yeye aliachwa hai kwa bahati tu, na bahati hiyo ilimtia aibu kila alipopita makaburini. Sasa aliona kwamba kulikuwa na kazi imebaki, na mtu wa kuifanya alitakiwa awe na pumzi.

"Wifi," akasema. "Nakushukuru."

Wifi alikuwa akifunga chaki zake kwenye kitambaa. "Kwa lipi?"

"Kwa kutokuondoka baada ya wiki mbili."

Wifi akaendelea kufunga. "Ungenipa nauli ningeondoka," akasema, lakini alikuwa amegeukia ukutani, na ilimchukua muda kugeuka tena.

Jumatatu kitambaa kikubwa kilipelekwa kiwandani. Meneja alitimiza ahadi. Fundi alikuja na koleo akang'oa misumari, madirisha manane yakafunguliwa, hewa ikaingia chumba namba tatu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mpiga picha alipiga picha ya madirisha, akapiga ya kitambaa, akapiga ya meneja akiwa amesimama kati ya Bi Vituo na binti yake. Binti alisema baadaye kwamba siku hiyo saa ya chai ilifika na hakuna aliyehitaji kumpangusa mwenzake.

Jumanne madirisha yalikuwa yamefungwa.

Bi Vituo alivaa viatu, akaenda kiwandani kwa miguu. Alipofika langoni ndipo alipokumbuka kwamba njiani kulikuwa na nguzo, na duka, na kona, na hakukumbuka kuvipita. Alikuwa na hasira, na akamshukuru Mungu kwa pumzi ya kuibebea. Karani wa mapokezi, msichana mpole mwenye kucha ndefu, alifungua faili.

"Mama, hapa pameandikwa madirisha yafunguliwe. Yamefunguliwa. Hapajaandikwa kwa muda gani."

"Basi nirudishieni kitambaa changu."

Karani akafungua ukurasa mwingine. "Kimeshaingia kwenye orodha ya samani, mama. Kikitoka itabidi meza nazo zihesabiwe upya." Akaona uso wa Bi Vituo, akashusha sauti. "Lakini karibu ukitazame wakati wowote. Wafanyakazi wanakipenda. Kila zamu ikiingia wanasimama hapo."

Bi Vituo alikitazama. Kilikuwa kimetundikwa vizuri, hakikupinda, na taa ilikuwa imewekwa juu yake. Alisimama mpaka kengele ya zamu ikalia, wanawake wakapita, wengine vijana kuliko binti yake, wakamsalimia shikamoo mmoja mmoja. Aliwaitikia wote. Kisha akarudi nyumbani na kumweleza wifi.

"Asante ya punda ni mateke," wifi akasema.

"Punda ndiye anayemlisha mwanangu," Bi Vituo akajibu, na hawakulizungumza tena siku hiyo.

Aliandika barua mbili, mkutubi akazipiga chapa. Kiwanda kilijibu zote mbili kwa haraka na kwa heshima. Ombi limepokelewa.

Miezi miwili baadaye, siku ya mapumziko ya binti, Bi Vituo alimsuka nywele barazani. Binti alikaa chini kwenye mkeka, mabega kati ya magoti ya mama yake. Wifi alikuwa pembeni akimenya machungwa. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari wakati binti alipokohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu. Akakohoa tena. Kisha akaweka vidole mdomoni.

"Mama."

Bi Vituo aliweka chanuo kando. Akamgeuza uso kwa kumshika kidevu, akaona ncha. Ilikuwa nyeupe, haijapata rangi yoyote.

"Fungua mdomo. Usiharakishe kupumua."

Alivuta kwa mkono uleule uliokuwa na mafuta ya nywele. Wifi alifuta mikono yake na kuingia ndani, akarudi na gunzi tupu, akaanza kuzungusha. Uzi ulikuwa mfupi. Uliisha kabla haujatimiza mita moja. Binti akavuta hewa hadi chini kabisa ya kifua, akaiachia, akaivuta tena kuhakikisha.

"Kumbe ilikuwa imebana," akasema. "Nilidhani ndivyo kifua kinavyokuwa."

"Mimi nilingoja miaka ishirini na saba," Bi Vituo akasema. "Wako umetoka mapema. Tushukuru."

Na alishukuru kweli. Alikaa pale na uzi wa mwanawe umelala mapajani, akashukuru kwamba macho yake yanaona, kwamba vidole havitetemeki, kwamba yupo. Wifi akampa binti nusu ya chungwa. Binti akala, akainamisha kichwa tena.

"Asante, mama."

Bi Vituo alichukua chanuo, akagawa nywele zilizobaki. Alisuka mistari midogo na kuikaza sana, ili ikae wiki nzima chini ya kofia ya kazi, kwa kuwa zamu ya kesho ilianza saa kumi na mbili asubuhi.